Rond-point yangu imekamatana: nani apite kwanza?

MotariWaKatindo (Goma)

Jambo kwenu wote. Naomba msaada, na mnivumilie maana nitaeleza kirefu.

Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hapa Goma. Mchana nabeba abiria, usiku nacheza Cities: Skylines, ile ya kwanza ya 2015, kwenye laptop ya mdogo wangu yenye RAM ya 8, siku ambazo umeme umekubali. Modi, zile nyongeza za gemu, sina. Si kwamba sizijui. Megabaiti za kupakua vile vitu vyote ni pesa ya petroli ya siku mbili, na mke wangu anajua kuhesabu. Kwa hiyo tafadhali, mtu asinianzie na "weka modi fulani."

Mji wangu umefika watu 38,000. Nimeuita Goma Mupya. Ramani ina ziwa upande wa kusini kama kwetu, nami nimeupanga kwa kukumbuka hapa: barabara kubwa ya kwenda magharibi nimeiita Sake, ya kaskazini nimeiita Rutshuru, kuna boulevard inashuka ziwani, na zote zinakutana kwenye rond-point, yaani mzunguko wa magari, niliyoiita Signers. Barabara ya nne inatoka mtaa wa viwanda. Nilitaka katikati niweke sanamu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ya rangi ya dhahabu, gemu haina, nikaweka miti. (Najua chukudu iko kwenye rond-point nyingine, watu wa Goma msinirekebishe. Mji ni wangu.)

Sasa Signers imekamatana. Ukifungua picha ya msongamano, duara lote ni jekundu, na ule wekundu unapanda barabara ya Sake kama damu kwenye bandeji. Mwendo wa magari mjini gemu inasema 41%. Upande wa Ndosho yangu kuna nyumba moja ina alama ya fuvu juu ya paa tangu jana usiku. Gari la maiti naliona kwa macho, ni la saba kwenye foleni, mbele yake kamiyo (lori) ya takataka, mbele ya kamiyo ya takataka gari la zima moto. Zima moto! Limesimama linawaka taa tu.

Nilichofanya hadi sasa:

Mwanzo kulikuwa na taa kila mdomo wa rond-point, gemu yenyewe iliziweka. Niliona zinachelewesha, nikazitoa. Nikaweka alama za simama mahali pake. Nilikuwa na akili yangu hapo: pale ninaposubiri abiria asubuhi, polisi wa roulage, yaani wa barabarani, anasimamisha wale wanaozunguka, anawaita wale wa foleni ndefu, wanaingia kwa kundi. Kwa hiyo nikaweka simama NDANI ya duara, ili watu wa Sake wapate kuingia. Dakika mbili za kwanza ilikuwa raha. Halafu basi.

Kisha nikapanua Sake kutoka njia nne hadi sita. Nikavunja nyumba, pesa ikaisha, foleni ikabaki urefu uleule. Na hiki ndicho kinaniuma: njia tatu za kwenda mjini, lakini magari yote yanafuatana kwenye moja tu ya kulia, kama watoto wa bata. Zile mbili ziko tupu. Ungeweza kuanika mihogo.

Nimekosea wapi? Duara ni dogo? Nirudishe taa? Nani anatakiwa apite kwanza?

fundi_nyamagana (Mwanza)

Pole kaka, hilo fuvu limenichekesha kwa kweli.

Umesema tusitaje modi, haya sitaji. Ushauri wangu ni mfupi: vunja hicho kipilefti. Weka barabara ya juu kwa juu, Sake ipite juu, Rutshuru ipite chini, maisha yaendelee. Mimi mji wangu wa watu laki moja sina kipilefti hata kimoja.

MotariWaKatindo

Kaka wa Mwanza, aksanti, ila pesa ya barabara ya juu sina, nimeshakuambia nilivunja nyumba. Halafu hiyo kipilefti yenu huku haifanyi kazi hata kwa jina, sisi tunapita kulia.

Dada_Kamalondo (Lubumbashi)

Kaka Motari, usivunje kitu. Hapo una shida tatu zimelala kitanda kimoja, na unazipiga zote kwa fimbo moja.

Nianze na zile njia tupu, maana ndizo zinadanganya watu wengi. Gari kwenye gemu hii linachagua safari yake yote kabla halijatoka nyumbani: barabara gani, njia ipi, litakunja wapi. Linaangalia urefu na kasi inayoruhusiwa. Haliangalii foleni. Likishachagua, linang'ang'ania. Kwa hiyo kama magari mengi ya Sake yanakunja kulia kwenye mdomo unaofuata, yote yatajipanga kulia tangu kilomita nzima nyuma, hata ukiwapa njia kumi. Ulivyopanua ulinunua lami ya kuangalia tu. Niambie: baada ya kuingia Signers, hao wa Sake wengi wanaenda wapi? Bofya barabara yenyewe pale kwenye picha ya safari za magari, itakuchorea mistari ya kila anayepita hapo. Fanya hivyo kabla ya kujenga chochote.

La pili ni makutano madogo. Mimi mji wangu niliupanga kama Lubumbashi, mitaa iliyonyooka ya miraba. Wabelgiji waliupanga hivi 1910, mwaka huohuo reli ilipofika, na mpaka leo ukisimama mtaani katikati ya mji unaona mbali hadi macho yanachoka. Kwenye ramani ni kuzuri. Kwenye gemu ni mateso. Kila mraba ni njia panda, na mahali barabara kubwa inapokutana na nyingine gemu inaweka taa bila kukuuliza. Barabara yangu kubwa ilikuwa na taa kumi na nne. Gari linatembea, linasimama, linatembea, linasimama, hata betri ya mtazamaji inakwisha.

Nilichofanya: tangu sasisho la bure la Mei 2017 unaweza kuifanya barabara iwe ya kipaumbele. Unabofya barabara, unaiwekea alama, na vile vichochoro vyote vinavyoingia vinapata alama ya simama, barabara kubwa inatiririka. Kwa ile yangu nilibakiza taa mbili tu, mahali makubwa mawili yanapokutana. Na vichochoro vitano nilivikata kabisa visiguse barabara kubwa, nikaviunganisha kwa nyuma na nikaacha njia ya miguu. Watu wa gemu wanatembea sana kwa miguu ukiwapa njia, hawana uvivu kama sisi.

Angalia Sake yako, mita mia mbili kabla ya Signers. Nina hakika kuna vichochoro vinaingia hapo.

La tatu ni hizo alama zako za ndani ya duara, lakini naona Muzee yuko mtandaoni, hilo ni lake. Mimi nikilieleza nitamnyang'anya furaha.

MuzeeWaVolan (Bukavu)

Aksanti sana binti yangu kwa heshima hiyo.

Kijana wa Goma, nakusalimu. Mimi gemu sichezi, mjukuu wangu ndiye anacheza nami natazama na kumkera. Ila nimefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na miwili, kwenye vilima vya Bukavu, ambako mwanafunzi akizima gari njiani kwenda Kadutu unajua Mungu yupo. Jambo la rond-point nalijua.

Tafuta vizibo kumi na viwili vya chupa. Kweli, nenda katafute, usisome tu. Chora duara kwa chaki juu ya meza, na midomo minne. Panga vizibo vinane ndani ya duara na vinne nje, kila kimoja mdomoni kwake. Sasa vizungushe kinyume cha saa, kama tunavyozunguka huku tunaopita kulia. Kila kizibo cha ndani kina mdomo wake wa kutokea. Kimoja kinataka kutokea boulevard, kingine Rutshuru.

Weka kanuni yako: aliye ndani asimame, aliye nje aingie. Kizibo kinachozunguka kimefika mbele ya mdomo wa Sake, kimesimama. Tazama nyuma yake. Kile cha nyuma kimesimama pia, na mahali kiliposimama ni mbele kabisa ya tundu la kutokea la mdomo uliotangulia. Yule aliyetaka kutokea hapo hafiki. Sasa kile cha Sake kimeingia, kimejaza ile nafasi moja iliyokuwa imebaki. Rudia hivyo mara tatu, mara nne. Utaona mahali fulani mkono wako unashindwa: vizibo vyote vya ndani vinataka kutoka, na kila kimoja kimezibiwa tundu lake na mwenzake. Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna anayesogea. Unaweza kupiga honi mpaka jioni.

Sasa geuza. Aliye ndani asisimame kamwe, aliye nje angoje nafasi. Sukuma vizibo vyako. Duara linajimwaga lenyewe. Foleni itakuwepo, lakini iko nje, mahali ambapo haimzibii mtu tundu la kutokea.

Usijione mjinga, maana nchi kubwa zilikosea hivyohivyo kwa miaka mingi. Sheria yetu ya barabarani ya 1978, kama ile ya Ubelgiji na Ufaransa tuliyorithi mazoea yake, msingi wake ni kipaumbele cha kulia: pasipo na alama, anayetoka kuliani kwako apite. Kwenye njia panda ya kawaida inafaa. Lakini simama ndani ya rond-point utazame: anayeingia anatokea upande gani wako? Kulia! Kwa hiyo kwa kanuni ile, kila anayeingia ana haki juu ya aliye ndani, na duara linajifunga kama mdomo wa mfuko. Waingereza waliandika mwaka 1966 kwamba anayeingia ampishe anayezunguka. Wafaransa wakaja kugeuza 1984. Ndiyo maana unaona kwenye midomo ya rond-point ile alama ya pembetatu iliyopinduliwa: inafuta kipaumbele cha kulia mahali hapo.

Na yule polisi unayemwona asubuhi hakukosea. Yeye ana macho, ana mkono. Anaona duara likianza kujaa, anafunga mlango, anaacha lijimwage, anafungua tena. Alama yako ya gemu haina macho. Imesimama pale inasema neno moja tu usiku na mchana. Ulichukua nusu ya kazi yake ukaacha nusu nyingine.

Hamisha alama. Toa zote za ndani, weka kwenye midomo minne.

MotariWaKatindo

Muzee, shikamoo. Nimetumia vizibo kumi na balbu mbili, vizibo vingine watoto wamevichukua. Mke wangu amepita akaona mtu mzima anasukuma vizibo juu ya meza saa tano ya usiku, hakusema kitu, akaenda kulala.

Bon, matokeo.

Nimehamisha alama. Nilingoja kama robo saa ya gemu, hakuna kitu, nikasema wapi, wamenidanganya. Halafu gari moja dogo la bluu lililokuwa limekwama tangu jana likatoka kwenye boulevard. Nyuma yake mawili. Nyuma yake kamiyo. Ikawa kama mtu aliyetoa kizibo (samahani Muzee). Duara likawa la njano, kisha kijani. Gari la maiti limefika Ndosho, fuvu limeondoka.

Mwendo umepanda 41% hadi 63%.

Dada, na wewe ulikuwa na haki. Sake ina vichochoro vinne vinaingia kabla ya Signers, kimoja kiko karibu sana hata gari moja halitoshi katikati. Nimekata vitatu, cha nne nimekiacha kwa sababu kuna shule. Sake nimeifanya ya kipaumbele. 66%.

Ila sasa kimetokea kitu kingine. Upande wa viwanda. Duara linatiririka vizuri, LAKINI makamiyo ya viwandani yanazunguka bila kukoma, na watu wa Rutshuru wako kwenye simama yao wanangoja nafasi ambayo haiji. Foleni imehama tu, imetoka Sake imeenda Rutshuru. Nirudishe simama moja ndani, kwa ajili yao tu? Moja tu?

MuzeeWaVolan

Hata moja.

Dada_Kamalondo

Haha. Kaka, sikiliza Muzee.

Ulibofya barabara ya viwanda uone mistari ya safari? Nakisia: nusu ya yale makamiyo hayana haja yoyote na mji wako. Yanatoka kiwandani, yanazunguka Signers robo tatu, yanatoka kwenda barabara kuu ya nje ya ramani. Yanapitia sebuleni kwako kwa sababu hakuna mlango mwingine.

Huku kwetu tunajua hadithi hiyo. Makamiyo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yakipewa njia moja na akina mama wanaokwenda sokoni, kila mtu analia.

Wajengee njia yao. Haina haja ya kuwa kubwa: barabara ya kasi, mwelekeo mmoja kwenda na mwingine kurudi, kutoka viwandani moja kwa moja hadi barabara kuu, bila kugusa Signers. Iwe ya kasi kweli. Ile ya njia mbili ya kawaida ni kilomita 40 kwa saa, ya nne 50, ya sita 60, ya kasi 100. Kwa vile gari linahesabu urefu na kasi, hata ukizungusha njia yako kwa mbali kidogo, kwa 100 kamiyo itaipenda yenyewe. Ukiijenga kwa barabara ya 40 yatarudi Signers, utasema nimekudanganya. Baada ya hapo piga marufuku magari mazito kwenye eneo la katikati, iko kwenye sera za wilaya. Ila njia kwanza, marufuku baadaye. Ukifunga kabla hujafungua, maduka yako yanaweza kuanza kulia hayana bidhaa.

Na jambo moja la kukutahadharisha: usiamini sana ile asilimia. Gemu hii gari likikwama muda mrefu inalifuta, linapotea hewani, abiria na mzigo wake. Kwa hiyo 41% yako ya mwanzo ilikuwa mbaya kuliko ulivyoiona. Na sasa ukifungua njia, yale yaliyokuwa yanapotea yatafika, utaona magari mengi zaidi kuliko jana. Usiogope.

fundi_nyamagana

Hapo kwenye magari kupotea ni kweli tupu. Na kuna dari pia, magari 16,384 kwa wakati mmoja, mji ukiwa mkubwa sana yanaanza kugoma kutoka nyumbani. Mimi nilifikia hapo nikadhani nimetatua foleni, kumbe magari yamekwisha.

Lakini bado nasema barabara ya juu.

MotariWaKatindo

Nimerudi. Umeme ulikatika siku mbili, njo maana mlinikosa.

Nimejenga njia ya makamiyo. Pesa haikutosha, nikauza kituo kimoja cha mabasi ambacho hakuna mtu alikuwa anapanda. Inapita nyuma ya viwanda, inazunguka kilima, inashuka kwenye barabara kuu. Nilikaa nikiitazama. Kamiyo ya kwanza ilifika kwenye kona ya kwenda Signers, na nilishika pumzi kabisa, kisha ikakunja kushoto kwenda njia mpya. Nilipiga makofi peke yangu.

Watu wa Rutshuru sasa wanaingia wawili wawili, wanangoja kidogo, wanaingia. Simama zote ziko nje. Ya ndani hata moja, Muzee, nimeapa. Marufuku ya magari mazito nimeweka jana, maduka mawili yalilalamika kidogo yakanyamaza.

Mwendo: 81%. Nimepiga picha ya skrini nikamtumia mdogo wangu mwenye laptop, amejibu anauliza laptop inarudi lini.

Zile njia mbili tupu za Sake nimeziacha. Kuzivunja nako ni pesa.

MuzeeWaVolan

Hongera kijana. Nimemwonyesha mjukuu wangu ujumbe wako, naye amefungua mji wake tuangalie pamoja. Nimetazama kila barabara, nimeona mabasi, makamiyo, hata mbwa. Sasa nakuuliza wewe mwenye kazi hiyo: kwenye huo mji wako wa 81%, wamotari wako wapi?

MotariWaKatindo

Sijaona hata mmoja, Muzee. Tungekuwemo, zile alama zako nani angezisoma?